Shangazi Azenor na Mgeni Aliyekataa Kushuka

Shangazi yangu Azenor ndiye anayewashikia wageni kikuku cha farasi, kile chuma cha kukanyagia mtu akishuka, katika ngome ya Bwana Konan. Kazi ilikuwa ya mumewe, akafa kwa teke la farasi, na jioni ile ile wageni wakafika, shangazi akaenda akashika. Huu mwaka wa kumi na moja. Nikitoka shule kwa mapadri humuuliza maswali mpaka ananipa ufagio ili ninyamaze.

Anasema mtu hujulikana kwa anavyoshuka. Akikupa hatamu, huyo atakula. Akishuka na ngao mkononi, kamwite bwana. Asiyeshuka kabisa amekuja kupigana, na nyumba lazima imtolee mtu.

Jumanne, kesho yake ikiwa Kwaresima, akaja asiyeshuka. Alisimama katikati ya ua mchana kweupe, kofia ya chuma imemfunika uso, mkuki wima. Aliulizwa jina mara tatu, kimya. Bwana Konan akaamuru atoke aliyepewa upanga mwisho. Huyo ni Riwal, mtoto wa pekee wa shangazi, miaka kumi na tisa.

Wakamvika deraya. Vidole vyake havikuona tundu za mikanda. Walinzi wakamshauri akianguka achague penye tope laini. Shangazi akaweka ndoo chini, akamwendea yule mtu.

"Mama, rudi. Unaniaibisha."

"Aibu haiui. Nyamaza."

Ncha ya mkuki ilikuwa juu ya utosi wake. Akashika kikuku kama siku zote, akapapasa mguu kwenda juu, mkono ukarudi mwekundu mpaka kiwiko.

"Bwana, huyu hakatai kushuka," akasema bila kugeuka. "Mshale umempita paja ukaingia kwenye tandiko. Amepigiliwa."

Walinzi wakanong'ona kuwa ni hila. Bwana naye hakusogea. Shangazi akatoa kisu, akainama chini ya tumbo la farasi, akaanza kukata mkanda wa tandiko. Mkuki ukaanguka kwa kishindo. Tukakimbia wote, Riwal akiwemo. Kisha nikamwona anarudi, upanga ameutupa, mikono ameinyoosha.

Mkanda ukakatika. Mtu na tandiko lake wakamwangukia Riwal kifuani, wakaenda naye topeni. Yule mtu alikoroma, akamng'ang'ania shingo.

"Umeumia, mwanangu?" shangazi akauliza.

"Sijui, mama. Ngoja kwanza nipumue."