Ndevu za Njano za Beberu wa Bibi

Chuo cha kilimo kiliniharibu. Katikati ya miaka ya tisini nilirudi likizo Ziwani, kwa bibi mzaa mama, nikiwa na daftari moja la baiolojia na majivuno ya madaftari kumi. Kila kilichoingia kinywani mwa mtu nilikitolea hotuba. Mjomba akimeza kidonge cha kichwa, namweleza jinsi ini litakavyokivunjavunja. Mwisho watu wakawa wanakula wakinipa mgongo.

Bibi peke yake ndiye aliyenisikiliza, tena kwa utani. Aliniita mume wangu, kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, nami nilimwita mke wangu.

"Mume wangu msomi," aliniambia asubuhi moja kwenye shamba lake la muhogo mchungu, "panzi hawa wanakula majani haya tangu nizaliwe. Sisi tusipouloweka muhogo tukauanika, tunazikana. Wao mbona hawafi?"

Nikajishika kiuno. Nikamwambia panzi ana vimeng'enya mwilini, vifanyakazi vidogo vya kuvunja sumu, na kila kimeng'enya kina sumu yake kinayoijua. Ukikiletea nyingine, kinaitazama tu.

"Hata sisi tunavyo, mke wangu, kwenye ini. Hata mbuzi. Kimoja kinaikamata sumu ya muhogo, kinaipachika salfa, inatoka na mkojo."

"Salfa hii tunayopulizia mikorosho?"

"Hiyo hiyo," nikajibu, bila hata kufungua daftari.

Siku tatu kabla ya harusi ya dada yangu, bibi alikwenda msibani kijiji cha pili akaniachia beberu wake. Alikuwa ameapa mbele ya ukoo mzima kwamba nyama ya pilau itatoka kwenye banda lake, na bandani hapakuwa na mwingine. Nilitakiwa nimkatie majani porini. Nikaona uvivu. Majani ya muhogo yalikuwa pale pale, mabichi, panzi wanayatafuna kwa raha zao. Nikajipigia hesabu: panzi ana vimeng'enya, mbuzi ana vimeng'enya. Nikamfunga beberu katikati ya muhogo mchungu, nikaenda kujilaza.

Niliamshwa na kimya. Beberu yule hakuwa na kawaida ya kunyamaza. Nilimkuta kalala ubavu, anahema kwa shida, miguu inatetemeka, povu mdomoni. Hapo ndipo nilipokumbuka somo nililomfundisha bibi mwenyewe: cha panzi ni cha panzi. Mbuzi ana chake, lakini kinafanya kazi polepole, nami nilikuwa nimekibebesha shamba. Niliogopa sana. Niliiona sura ya bibi mbele ya wakwe, sufuria la pilau halina nyama.

Akifa mwenyewe ni mzoga, na mzoga hauliki. Nikachukua kisu nimchinje mapema, niseme kavunjika mguu. Nilishakikanyaga kichwa chake nikielekeze kibla. Jicho lake likanitazama. Nikakitupa kisu, nikamkokota hadi kivulini, kisha nikakimbilia mfuko wa salfa ya mikorosho. Si kimeng'enya kinataka salfa? Basi kipewe. Nikaikoroga kwenye kopo la maji. Haikukorogeka, ikaelea juu. Nikamsokomeza ule unga wa njano kwa vidole mpaka kooni.

Kabla ya alasiri akasimama. Miaka baadaye daktari wa mifugo alinicheka mpaka akavua miwani: salfa ile haikufanya lolote, alipona kwa sababu hakula mengi. Lakini siku ile nilijiona bingwa. Nikawa nampapasa mgonjwa wangu shingoni, na yeye akanicheulia usoni. Harufu ya mayai viza! Alicheua hivyo mpaka jioni, nami nikamwosha mdomo kwa sabuni ya kufulia.

Bibi aliporudi alimtazama beberu, akanitazama mimi. Beberu akacheua.

"Kala nini huyu?"

"Majani, mke wangu."

Akaingia ndani kuswali, hakuuliza tena.

Asubuhi ya harusi beberu alichinjwa. Ini huchomwa kwanza, likaliwa na wachinjaji, lakini safari hii bibi alilichukua yeye, akaniletea kwenye sahani mbele ya wajomba zangu.

"Kula, mume wangu. Si ulisema kazi yote inafanyika humu?"

Kisha akafungua fundo la kanga yake, akatoa kishungi cha ndevu za mbuzi, njano kama manjano ya mchuzi. "Mdomo ulimwosha. Ndevu ulizisahau."

Wajomba walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nikaisogeza sahani pembeni. Nikasema yote: uvivu, muhogo, salfa. Nikafika kwenye kisu, nikakisema nacho, na uongo wa mguu niliokuwa nimeuandaa. Kicheko kikakatika.

Bibi akakata kipande cha ini kwa kisu alichokuja nacho, akasema bismillahi, akala yeye kwanza. Alitafuna taratibu, macho yake kwangu.

"Hiki kisu nilikiokota kwenye muhogo siku ile ile," akasema. "Siku tatu nimekaa nangoja useme. Ungeendelea kunyamaza, nisingekula tena mkononi mwako."

Akanisogezea sahani.