Wimbo Usio na Maneno

Kaka yangu na wenzake watatu walipotaka kutoa santuri yao, katika miaka ya sabini, hakuna kampuni iliyowataka. Walipiga roki ya magitaa ya umeme na kuimba kwa Ekegusii, lugha yetu, na wenye studio kule Nairobi waliwaambia waziwazi kwamba hilo halina soko. Basi wakajigharamia wenyewe, wakaja na santuri zao kwenye maboksi hadi duka nililokuwa nikiuza, Kisii mjini. Nilizipanga dirishani mbele ya zile za Kongo, bila kumwuliza tajiri.

Kaka hakutaka umaarufu, au alisema hivyo. Alitaka baba asikie wimbo wa pili wa upande wa kwanza, na aliniimbia hilo kila siku hadi nikachoka. Ulikuwa wimbo wa mama, aliyetutoka muda si mrefu. Baba, ambaye kwa lugha yetu tulimwita tata, mzee wa kanisa la Sabato kule kwetu Nyamira, hakumtaja mama tena baada ya mazishi, na kaka, ambaye kuzungumza na baba kulimshinda tangu utotoni, aliyaweka mle yote aliyotaka kumwambia. Uliitwa wimbo wa mama, lakini aliyetungiwa ni baba.

Wimbo wa kwanza ndio uliotuponza. Walichukua lahani ile ya kuwasindikiza wavulana wakirudi nyumbani kutoka jandoni. Maneno yake ni matusi matupu. Huimbwa asubuhi hiyo tu, barabarani, na wazazi hujifanya viziwi. Siku nyingine zote ipo chinsoni, ile haya kati ya mzazi na mwanawe, kati ya mke na baba mkwe wake, inayokataza mambo ya mwilini yasitajwe wakiwa pamoja. Kaka si mjinga. Aliyaondoa maneno yote, akabakisha gitaa peke yake, akaamini amemaliza kazi. Lakini mpigie Mkisii lahani hiyo hata kwa kijiko juu ya sufuria, maneno atayaleta mwenyewe.

Santuri iliuzika, siwezi kukana. Vijana waliingia kwa makundi, nikiiweka wanashikana mabega kwa kicheko. Watu wazima waliingia mmoja mmoja. Dereva mmoja wa lori kutoka Keroka alizunguka dukani akishikashika santuri za kwaya hadi wateja wengine wakatoka, ndipo akasema huku akitazama dari, "Dada, iko ile haina maneno?" Nikamfungia kwenye gazeti. Watu wa kutoka ziwani waliofanya kazi mjini, wasioijua lahani hiyo, waliinunua kwa moyo mweupe, wakaipiga milango ikiwa wazi, wakashangaa mbona wapangaji wenzao wanatoka uani wameinamisha vichwa. Nilicheka sana siku zile, maana nilidhani ni mchezo.

Kisha mwandishi mmoja wa gazeti huko Nairobi, ambaye kwa Kiswahili chake alikuwa mtu wa pwani, akaandika maoni yake. Wimbo wa mama ulimchosha. Aliuona mrefu na wa kulialia. Ule usio na maneno aliusifu kupita kiasi: muziki safi, alisema, wa kusikilizwa na familia nzima, babu hadi mjukuu. Kaka alisoma, akaketi juu ya boksi. Ninamkasirikia mwandishi yule mpaka leo, ingawa kosa lake silijui. Aliandika alichosikia.

Mtangazaji wa redio naye yaelekea alilisoma gazeti hilo. Kaka alikuwa amemwomba wimbo wa mama katika kipindi cha salamu cha Jumapili alasiri, na akamsihi baba asiende mbali siku hiyo. Baba alivaa koti. Tuliketi sebuleni: baba kwenye kiti chake, redio kando ya kiwiko chake, kaka kwenye benchi, mimi karibu na mlango, na mke wa kaka akimimina chai. Jina la baba likasomwa, la kaka likasomwa, kisha mtangazaji akasema kwa furaha kwamba atatupigia ule wimbo unaosifiwa mji mzima.

Noti za mwanzo zilitosha. Mke wa kaka aliganda na birika mkononi, mbele ya baba mkwe wake. Hakuna aliyeweza kuizima redio, kwa sababu anayenyanyuka kuizima amekiri kwamba anajua kinachoimbwa kichwani mwake. Tukaketi tu. Niliomba betri zife, nazo zilikuwa mpya. Baba alikitazama kikombe chake, kisha akasema, "Wacha nikaangalie ng'ombe," akatoka. Wimbo ulipoisha ikaja taarifa ya habari.

Nilimfuata kaka nyuma ya nyumba nikiwa na hasira za kututosha sote wawili. Nikamwambia aende sasa hivi amweleze baba kwamba maneno aliyaondoa.

"Maneno gani?" akaniuliza. "Nimwambie tata nimeondoa maneno gani?"

Nyanya yetu, mama yake baba, ambaye kwa mila ana ruhusa ya kutaniana na wajukuu, alimwimbia kaka beti nzima jioni hiyo, akicheka hadi machozi. Lakini baba ni mwanawe. Mbele yake nyanya naye alifungwa mdomo kama sisi.

Mwisho wa mwaka kaka akaazima gramafoni ya betri, akaja nayo nyumbani. Aliishika sindano juu ya wimbo wa mama hasa, akanituma nimwite baba. Baba akaja hadi mlangoni. Akaliona jalada la santuri, lenye picha ya mwanawe na gitaa, akasimama. Nilitaka kumwambia, tata, huu si ule. Lakini kusema si ule ni kuutaja ule, na mke wa kaka alikuwa amekaa pale pale. Baba akasema kuna mtu anamwita kule kwenye majani chai. Sote tulijua hakuna aliyeita.

Kaka akaiacha sindano ishuke. Wimbo wa mama ukapigwa wote, mwanzo hadi mwisho, na sebuleni tulikuwapo watu wote wa boma isipokuwa yule aliyetungiwa.