Jirani Aliponiomba Jina

Binti yangu alikufa kwa surua mwanzoni mwa kiangazi, akiwa na miaka sita. Alikuwa mtoto wangu wa kwanza na wa pekee. Jina lake lilikuwa la bibi yake mzaa baba, maana siku hizo za Zaire majina ya Kizungu yalikuwa yamekatazwa, na padre aliyetaka kuongeza jina la mtakatifu aliliandika kwa kalamu ya risasi. Mimi sitaliandika hapa. Sababu nitaisema mwishoni, na si ile mnayoidhani.

Kwetu Kalemie, mwanamke akishazaa, jina alilopewa na wazazi wake linalala. Anaitwa Mama wa fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, sokoni, kanisani na bombani. Niliitwa hivyo miaka sita hadi nikasahau kugeuka nikiitwa vingine. Kisha tukamzika, watu wakakaa kilio, mikeka ikakunjwa, na asubuhi iliyofuata nikaenda bombani na ndoo yangu. Jirani yangu wa ukutani, mwanamke niliyegombana naye miaka mitatu kwa sababu ya mabata yake, akafungua mdomo kunisalimu. "Jambo, Mama..." akaanza, kisha akameza lililobaki. Wote waliokuwa pale wakatazama ndoo zao.

Walimeza hivyo wiki nzima. Baadaye wakakubaliana, sijui walikutana wapi, kuniita Mama Mushonaji, kwa kuwa nilikuwa na cherehani barazani. Walifanya kwa huruma, najua. Mimi nilichukia. Kila nilipoitwa hivyo niliona wanamzika mwanangu mara ya pili, safari hii bila jeneza. Mtu pekee ambaye hakujikwaa alikuwa karani wa biro, ofisi ya serikali, nilipopeleka habari za kifo. Aliniita sitwayeni, yaani mwananchi, kama alivyomwita kila mtu, akagonga muhuri, akamwita aliyefuata. Nilimshukuru moyoni njia yote ya kurudi nyumbani.

Hasira hasara, husema watu ambao hawajawahi kukasirika vizuri. Mimi nilikasirika na watu, na Mungu, na mume wangu kwa kuwa alirudi kazini bandarini siku ya nne, na mabata. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, basi sikuona kwa nini niwe mpole kwa wasiojua.

Mwezi wa pili baada ya kilio jirani akaja. Alikuwa na mimba kubwa. Alikuja na shangazi ya mume wake, na beseni la unga wa mihogo lililofunikwa kitambaa cheupe, maana mkono mtupu haulambwi. Wakakaa chini kwenye mkeka, na shangazi ndiye aliyesema.

"Mama, tulikuya kuomba. Kama Mungu anatupatia mutoto mwanamuke, utupe jina ya ule mwenye alikwenda. Jina yake isilale."

Ndivyo desturi ilivyo. Jina la marehemu haliokotwi njiani. Linaombwa kwa mzazi, kwa heshima, na mzazi akikataa mambo yameishia hapo. Nilijua pia kwamba kuombwa ni heshima. Lakini nilichosikia mimi ni kwamba jina la mwanangu litavuka ukuta, jirani ataitwa Mama yake, na mimi nitabaki Mama Mushonaji mpaka kufa. Mtoto nilikuwa nimekwisha kumpoteza. Jina ndilo lililobaki la kupoteza.

"Lingali na joto," nikasema. "Mutafute lenu."

Kisha nikalisukuma lile beseni kwa mguu. Katika yote niliyofanya mwaka ule, hilo ndilo ninalolionea haya zaidi. Shangazi akashika kichwa. Jirani mwenyewe alijikokota akasimama, akafuta unga uliomwagika kwenye kanga yake.

"Hakuna neno," akasema. "Tutangoja."

Alijifungua mvua zilipoanza. Msichana. Na kweli wakangoja. Hawakumpa jina jingine, walimwita Mugeni tu, kama mtu aliyefika bila barua. Baba yake alipoulizwa kule biro mtoto anaitwa nani, alijibu kwamba jina lingali njiani. Usiku na mchana nilimsikia yule Mugeni akilia ng'ambo ya ukuta, na kila kilio nilikiona kama anadai.

Nikakimbia. Wifi yangu alikuwa mchuuzi wa ziwani. Alipeleka chumvi na vitenge kusini, akarudi na maharage na samaki wakavu. Nikamwambia nitakwenda naye. Alicheka, kwa sababu wazazi wangu walikuwa watu wa reli kutoka bara, na mimi miaka yote ile kando ya ziwa Tanganyika nilikuwa nimeosha miguu tu. Nilitapika botini kabla mji haujapotea machoni. Lakini kuishi kwingi ni kuona mengi. Kule Zongwe nilijifunza kuanika dagaa mchangani jua likichomoza, na kuwageuza kabla hawajashikana. Siku moja mbuzi alimpokonya wifi yangu kilemba na kukimbia nacho, nikacheka mpaka nikashika mbavu. Kisha nikajisikia nikicheka, nikaogopa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kilio.

Huko Moba, sokoni, mwuza maharage aliniuliza kama mwanamke yeyote angeuliza:

"Weye ni Mama wa nani?"

"Sina mtoto," nikasema.

Lilitoka jepesi, kama mtu anayesema hana chenji. Yule mama akanipa pole na kuongeza maharage kidogo. Nilikwenda nikakaa nyuma ya magunia, nikalia kuliko nilivyolia makaburini. Nilikuwa nimegombana na mtaa mzima kwa kumeza jina la mwanangu, na sasa mimi mwenyewe nimemkana, ili tu nisiulizwe maswali mawili.

Safari ya pili tulikwenda mwishoni mwa mvua, na kutoka Moba tukapanda kamio, lori la mizigo, hadi Pepa, juu kwenye milima ya Marungu, kwa wafugaji wa ng'ombe. Sikujua baridi ni nini. Niliona pumzi yangu ikitoka mdomoni, nikadhani nimeugua. Mama aliyetupokea alinivika koti la mume wake na kunipa maziwa yenye moto wa ng'ombe bado. Niliyanywa kwa kufumba macho. Kisha, akichochea moto, akauliza swali lile lile.

Safari hii nikalitaja jina. Nikasema alikufa kwa surua, mwaka haujaisha.

Hakumeza kitu. Alisema, "Alikuwa mutoto wa namna gani?"

Kalemie nzima hakuna aliyeniuliza hivyo. Nilimwambia alivyokuwa akigombezwa anatembea kinyumenyume ili asinipe mgongo. Nilimwambia alivyoficha vifungo vyangu vya kushonea shavuni, nikimwuliza ananijibu kwa kichwa tu. Nilisema mpaka maharage yakaungua, na yule mama hakuinuka kuyaepua. Siku nne zilizofuata aliniita kwa jina la mwanangu, tena kwa sauti, kutoka ng'ambo ya kilima: Mama wa fulani, maziwa inapoa. Kinywa ambacho hakikumwona hata siku moja kililiita jina lile, na halikupungua. Nilikuwa nimelifungia kama sukari ya wageni, na huku wageni hawaji.

Tulirudi Kalemie kiangazi kimeanza tena. Nilichukua beseni langu, nikalijaza maharage ya Pepa, nikalifunika kitambaa cheupe, nikazunguka kuingia kwa jirani kwa mlango. Alikuwa anamwogesha mtoto. Nikaweka beseni chini kwa mikono miwili, nikaomba msamaha kwa lile la mguu, nikainama kwenye sikio la yule mtoto aliyelowa nikamwambia anaitwa nani. Alinipiga kofi la maji.

Nikamwambia jirani, "Basi sasa watakuita weye Mama yake. Nimekubali."

Akanitazama kama mtu anayetazama mjinga anayempenda.

"Miye?" akasema. "Miye niko na watoto watano na huyu. Tangu mukubwa wangu azaliwe naitwa kwa jina yake, na nitazikwa nayo. Nani ataniita kwa jina ya wa mwisho?"

Nilikaa chini. Ni kweli, na nilikijua kitu hicho maisha yangu yote. Nilikuwa nimemtukana kwa jina la huyo mkubwa wake kila bata alipoingia kwenye mchicha wangu. Mwaka mzima nililinda mlango ambao hakuna aliyetaka kuuingia.

"Sasa muliliombea nini?" nikauliza.

Alimfunga mtoto kwenye kanga kwanza. "Tulikuwa tunaona haya kukuita," akasema. "Midomo ilikuwa inaogopa. Tukasema, kama kuko mutoto hapa mwenye tunaita kwa jina ile kila siku, aje kula, aache udongo, midomo itazoea. Ndiyo tutaweza kukuita weye tena."

Nikamfuta mtoto maji sikioni kwa ncha ya kitenge changu.

Huyo mtoto sasa ni mtu mzima, ana watoto wake, na jina ni lake. Nilipomwambia ninaandika habari hizi alisema, "Mama, jina yangu usiitie mu kitabu." Ndiyo sababu hamlioni hapa.

Asubuhi ya pili baada ya siku ile ya beseni la maharage nilikuwa barazani, nashona pindo. Bata walikuwa kwenye mchicha. Nilisikia jirani akiniita kutoka ng'ambo ya ukuta, Mama wa, na jina likafuata, lote, bila kumezwa.

"Mutoto wako analia," akasema. "Kuya umubebe."

Nikaacha cherehani, nikaenda.