Mkandaji Aliyeambiwa Asijikande

Hebu mfikirie Bi Chiku akiingia katika ile zahanati ndogo kule Diani, mwaka uliofuata mvua za Elinino. Mwanamke mrefu wa Msambweni, buibui limepauka mabegani, ananukia mafuta ya nazi na karafuu hata wagonjwa waliokaa kwenye benchi wanageuka kumtazama. Anamfikia daktari, kisha anatoa mkono wa kushoto.

"Niwie radhi, mwanangu," anasema, uso umemjaa haya. "Kukupa wa kushoto si adabu. Lakini huu wa kulia hauwezi tena hata salamu."

"Shikamoo, mama," akajibu Daktari Kitonga, kijana wa Kikamba aliyezoea pwani, akaupokea ule wa kushoto kwa mikono yake miwili.

Sasa ujue, ule wa kulia haukuwa mkono wa hivi hivi. Bi Chiku alikuwa mkandaji. Kutoka Msambweni hadi Jego, aliyeteguka aliletewa, aliyeshikwa na mgongo aliletewa, na mwanamke akijifungua, yeye ndiye aliyeitwa amkande kwa maji ya moto. Basi katika mvua zile akateleza kwenye tope la kisimani, akaangukia kiganja. Kifundo kikavimba, uvimbe ukanywea, maumivu yakabaki. Hata kukamua kitambaa akawa hawezi. Angeweza kuvumilia, maana watu wa kazi yake huvumilia. Lakini Yusra, binti yake wa pekee, alikuwa na mimba ya kwanza, na kwao mzazi wa kwanza hukandwa na mama yake mwenyewe mpaka atoke arobaini. Hilo ndilo lililomfikisha Diani.

Daktari alikibonyeza kifundo, akakizungusha polepole.

"Kano zinazoshika hapa zililegea, mama. Mwili ulianza kuzitengeneza, ukachoka, ukaiacha kazi njiani. Nitakuchoma sindano ya maji ya sukari pale pale penye kano. Yatapachokoza. Patavimba, na mwili utadhani umeumia upya, urudi kazini."

"Sukari?" akadakia Mbodze, jirani aliyemsindikiza. "Daktari, unamtibu au unamwandalia chai?"

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema kwa upole, "Simwahidi muujiza. Wengine hupona, wengine hupata nafuu, wengine hawaoni tofauti, na sisi madaktari wenyewe bado tunabishana. Lakini sharti ni moja. Usiukande, usiupake kitu, usimeze dawa ya kuondoa uvimbe. Uache uvimbe ufanye kazi."

Bi Chiku akaitikia. Akachomwa, akarudi nyumbani mkono umetuna kama andazi.

Lakini kumwambia mkandaji asiguse uvimbe ni kama kumkataza kuku kuchakura. Jioni ile wamekaa mkekani na Mbodze wakizungumza habari za harusi ya watu, kidole gumba cha kushoto kikaenda chenyewe. Kikatafuta, kikabonyeza, kikasukuma kuelekea kwenye kiwiko, kama kilivyofanya maisha yake yote.

"We Chiku! Wafanya nini?"

"Nafanya nini?" Akautazama mkono. Mafuta yalikuwa yanang'aa mpaka kwenye kiwiko, na chupa iko wazi pajani pake. Hakukumbuka hata alipoifungua.

Uvimbe ulilala, maumivu yakarudi kama zamani. Ikabidi arudi Diani kukiri.

"Ule uvimbe ndio fundi, mama," daktari akamwambia. "Umemfukuza kabla hajachanganya saruji."

Akamchoma mara ya pili. Safari hii Mbodze aliufunga mkono kwa bendeji, akajipa uaskari.

"Ukiugusa nakupiga mwiko."

"Nipige. Halafu mgongo ukikushika, ukakandwe na huo mwiko."

Wiki zikapita. Asubuhi moja Bi Chiku alichota maji mtungini, akayanywa, ndipo akatambua kwamba kata ameishika kwa mkono wa kulia na haikutetereka. Alichota tena, akamwaga, akachota tena.

Daktari alipoupima akatabasamu. "Kano zinashika. Lakini ni changa, kama mche uliopandikizwa juzi. Kazi ndogondogo za nyumbani, sawa. Kukanda mtu, bado. Nipe mpaka mfungo uishe. Ukiulemea sasa huenda ukarudi ulipotoka, na sijui kama sindano itausaidia tena."

Yusra hakungoja mfungo hata uanze. Alijifungua kabla ya siku zake, mtoto wa kike, salama, alhamdulillahi.

Maji ya moto yakatengwa. Mbodze akajitolea, Bi Chiku akakaa kichwani kwa binti yake akielekeza. "Shuka kidogo. Si hapo. Tumia kiganja, usitumie vidole."

"Mwenye kiganja ni wewe, mie nina jembe," Mbodze akasema, jasho linamtiririka.

Yusra akacheka, kisha cheko likageuka kilio. "Mama, nisamehe, na Mama Mbodze anisamehe. Si kwamba hajui. Basi tu nautaka mkono wako."

Mbodze hakukasirika. Alikikamua kile kitambaa, akamnyooshea mwenziwe.

Bi Chiku akakitazama kifundo chake. Akakikunja, akakinyoosha. Hakikuuma hata kidogo, na huo ndio uliokuwa mtihani, maana kingeuma angejua la kufanya. Akawafikiria wanawake wa Msambweni na Jego ambao bado hawajajifungua, watakaomhitaji miaka ijayo. Akamtazama huyu mmoja aliyelala mbele yake, ambaye hatakuwa mzazi wa kwanza mara ya pili.

Maji yalikuwa yanapoa, na Mbodze bado amenyoosha mkono.

Wewe, msomaji wangu, ungekipokea kile kitambaa?