Mchoro wa mipango miji ulivyougeuza mfereji wetu kuwa mtaa

Wakuu, salamu kwenu. Nitakayoandika nimeyaona kwa macho yangu. Jina la kitongoji nalihifadhi kwa sababu majirani zangu wengine wamo humu.

Mimi ni fundi umeme wa magari, kazi yangu iko Kijenge na nyumbani kwangu ni Lemara. Sikusoma mbali, ila ninapenda kusoma sheria na kanuni mwenyewe, taratibu, mpaka nielewe.

Nyumbani kwa wazazi ni juu ya Makumira, kwenye mteremko wa Meru. Mama anaishi pale peke yake. Ana migomba, kahawa kidogo na ng'ombe mmoja wa maziwa. Hayo ndiyo maisha yake, hataki mengine.

Vyote vinategemea mfereji. Kwa asiyejua: mababu walichimba mifereji kuleta maji ya mto mpaka mashambani. Kila kaya ina zamu yake ya maji. Kabla ya msimu watu wote wanatoka na majembe kuusafisha, na asiyetoka anatozwa faini.

Halafu kuna mwiko mmoja, ushikeni huu maana ndio uliotumaliza. Hakuna mtu anayeruhusiwa kusema mfereji ni wake. Hata ukipita katikati ya shamba lako, ule ukanda si wako. Zamani aliyeudai alitozwa mbuzi na aibu juu.

Sasa ikaja lami.

Barabara ya vumbi inayopanda kutoka barabara kuu ikajengwa. Tulifurahi, sisemi uongo. Mgonjwa akawa anafika hospitali mapema, maziwa hayaharibiki njiani.

Lakini lami haiji peke yake. Nyuma yake walikuja madalali, nyuma ya madalali wakaja wanunuzi kutoka mjini, na nyuma yao ikaja habari kwamba eneo letu sasa ni la mipango miji. Kampuni ya upimaji ikaletwa kurasimisha makazi.

Vijana wa upimaji walikuwa na adabu, wanaamkia kila mtu. Walipita shamba kwa shamba wakiuliza, "Hapa ni pa nani?" Mwenye eneo anajitaja, wanaandika.

Walipofika kwenye mfereji wakauliza vilevile. Siku hiyo nilikuwepo. Mzee Elifasi, mwenyekiti wa mfereji, alijibu kama alivyofundishwa na baba yake:

"Hapa si pa mtu."

Wakamuuliza Mama. "Si pa mtu, mwanangu."

Wakauliza jirani wa chini. Jibu ni hilo hilo. Tulijibu kwa heshima kabisa, tukadhani tunaulinda.

Mchoro ulipokamilika ulibandikwa kwenye ukumbi wa kanisa. Watu walijaa. Kila mmoja alitafuta kiwanja chake, akaweka kidole, akacheka, akasaini. Mama alisoma jina lake mara mbili. Hakuna aliyetafuta mfereji, kwa sababu hakuna aliyekuwa mwenye mfereji.

Ukanda wote ule, tangu juu mpaka chini, ulikuwa umechorwa kuwa mtaa, yaani barabara ya kupita magari. Kwa mtu wa mipango miji ilikuwa ni bahati: anatafuta pa kupitisha njia, na wenyeji wenyewe wamemwambia pale hapana mwenyewe.

Tulijua siku greda lilipokuja. Wanunuzi wapya walihitaji tipa za mchanga zifike. Kufikia mchana mfereji ulikuwa umefukiwa.

Nilikwenda ofisi ya mipango miji na Mzee Elifasi. Ofisa mmoja, mtu mzima kama mimi, alitusikiliza na kutufungulia mchoro.

"Wazee wangu, si mlisaini?"

"Tulisaini viwanja," nikasema.

"Na hao wenye viwanja wapite wapi? Mlitaka magari yao yapae?"

Nikamwambia maji ni ya kilimo. Akaniwekea kidole kwenye rangi. Eneo zima lilikuwa na rangi ya makazi. "Kilimo gani, mzee? Kwenye mchoro hakuna shamba hapa."

Njiani kurudi Mzee Elifasi alitangulia kufika kwenye lami. Akasimama akaigonga kwa fimbo. "Si mliitaka? Haya, imwagilieni migomba."

Kisha akaendelea kupanda. Mwanaye mkubwa ameshauza sehemu yake, na mnunuzi wake ndiye aliyelipia greda.

Kahawa ya Mama ilianza kukauka upande wa chini. Jumapili moja akanipigia: "Njoo na msumeno." Nilidhani ni mti mmoja. Alitaka yote iliyokufa ikatwe. "Sitaki wapita njia waniamkie nimekaa katikati ya maiti."

Nilikata. Yeye alikusanya matawi, hakulia. Mwanamke mmoja wa nyumba mpya alipita akasema kwa furaha, "Shikamoo bibi! Sasa panapendeza, pamekuwa peupe." Mama akaitikia, "Marahaba." Sikuwahi kusikia marahaba baridi namna ile.

Nilichojifunza, wakuu: mpimaji akija kwenu msikague viwanja vyenu tu. Tembeeni naye kwenye vitu vya wote: mfereji, njia ya mifugo, chemchemi, makaburi. Sajilini kikundi cha watumia maji mapema, na akiuliza ni pa nani, kitajeni hicho. Ulizeni pia rangi ya eneo lenu ina maana gani kabla ya kusaini. Heshima ya mababu haina alama kwenye ramani.

Najua watakuja wa "uza, hela ndefu hiyo, mkanunue mbele". Mama hauzi. Na huko mbele lami inakwenda pia.

Anayejua namna ya kufungua upya na kurekebisha mchoro uliokwisha kusainiwa aandike hapa, hata kama njia ni ngumu. Migomba ya mstari wa juu bado ina kijani, na Mama anaimwagilia kwa ndoo.