Vichwa Saba, Ncha Sita

Sogea karibu kidogo, maana kitu chenyewe ninachotaka kukueleza ni kidogo kuliko ukucha, nami nataka ukione vizuri.

Sindano ya cherehani ikivunjika, hutoa vipande viwili. Kipande cha juu, kile kinene, hubaki kimebanwa na skrubu ya mashine. Hicho tulikiita kichwa. Kipande cha chini, chenye tundu la uzi na ncha, huruka. Kinaweza kuangukia mezani, mapajani mwako, ndani ya nguo unayoshona, au sakafuni katikati ya mabaki ya vitambaa. Kichwa unacho tayari, kiko pale kwenye mashine. Ncha ndiyo ya kutafutwa.

Dada yangu hakuhitaji kuelezwa hilo. Tulishona pamoja miaka mingi kwenye baraza ya duka moja la vitambaa Kariakoo, cherehani yake upande wa mlango, yangu upande wa nguzo. Sindano yake ikivunjika, kazi ilisimama, hata kama mteja anasubiri gauni la harusi ya jioni hiyohiyo. Alipiga magoti, akainamisha kichwa mpaka shavu likaribie kugusa vigae, akatazama sakafu kwa ubavu ili mwanga umwonyeshe kinachong'aa. Akiipata ncha, aliiunganisha na kichwa chake juu ya kiganja. Vikikubaliana, alivitumbukiza vyote kwenye kopo la maziwa ya unga ambalo alilitoboa mfuniko kwa patasi. Pini zilizopinda ziliingia humo, na viwembe vya kufumulia mshono pia, vikiwa vimekunjwa kwenye kipande cha boksi. Nilikuwa nikimtania kwamba anazizika sindano kwa heshima kuliko watu. Yeye alisema tu kwamba kiroba kile kina mwenyewe, na mwenyewe ana mikono.

Kiroba alichokisema ni cha mabaki. Mwisho wa siku tulifagia vipande vyote vya vitambaa na kuvishindilia humo, na kila kikijaa alikuja kukichukua mama mmoja wa Buguruni, mtu mzima, ambaye huvikatakata na kujazia mito. Mito yake huipanga mlangoni kwake na watu hununua. Sisi tulimwita mama wa mito.

Dada alifariki mvua zilipoanza. Siku ya kumi nilirudi barazani. Watu wa jirani walinisifu kwamba nina moyo. Haukuwa moyo. Ilikuwa ganzi, kama ya mguu uliokaliwa vibaya, ila mguu huamka.

Nilishona. Cherehani yake niliifunika kwa kanga, kopo likabaki juu yake, sikuligusa. Sindano zangu zilivunjika sana kipindi kile, kwa sababu nilipitisha jinzi kwenye sindano nyembamba na sikujali kubadilisha. Kila ilipovunjika nililegeza skrubu, nikaacha kichwa kidondoke, nikaweka mpya, nikaendelea. Jioni nilifagia kila kilichokuwa chini, nikatia kirobani. Mwenye duka, mzee wa Kichaga anayevipenda vigae vyake, aliniambia mara mbili kwamba ndala yangu inakwaruza sakafu. Nikamwambia sawa. Sikuitazama.

Nakueleza haya ili usidhani uzembe huja na sura ya uzembe. Ungenipitia siku zile ungeona fundi aliyeinama, anayefanya kazi kwa bidii, na baraza iliyofagiwa vizuri.

Asubuhi moja mama wa mito akaja bila kiroba kitupu mkononi, kidole chake cha shahada kimefungwa bendeji. Nikamwamkia, akaitikia marahaba yake taratibu, akakaa kwenye stuli ya wateja. Akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa.

"Nimechomwa na sindano yako, mwanangu," alisema. "Nikaenda zahanati, nako wakanichoma ya kwao. Basi tumemalizana. Ila hizi zihesabu."

Nikazipanga mezani. Vichwa saba. Ncha sita.

Akanieleza kwamba zote zimetoka kwenye kiroba kimoja. Baada ya kuchomwa, alichambua mabaki yaliyokuwa bado mkekani na kuokota hizo. Lakini nusu ya kiroba alikuwa ameshaijaza kwenye mito minne. Mitatu ilikuwa bado kwake. Wa nne ulichukuliwa na binti mmoja wa mtaani kwake aliyejifungua karibuni, akitaka kamto kafupi ka kumlazia mtoto mchana. Alfajiri hiyo mama wa mito alikwenda kumgongea, akakuta kufuli. Jirani akasema amempeleka mtoto kliniki. Simu yake haipatikani. Ndipo akaja kwangu kwanza, kuuliza kama ncha ya saba imo kwenye kopo la dada.

Nikamwambia sijaweka kitu kwenye lile kopo tangu dada afariki.

Alilitazama kopo, akaitazama ile kanga.

"Dada yako aliniambia kirobani hamna chuma," alisema. "Miaka yote hii natia mikono bila kutazama."

Nilijua kwamba hapo ndipo pa kuogopa. Nilijua hivyo kama abiria anavyojua jina la kituo asichoshukia. Nilikunja jinzi niliyokuwa nayo, nikachukua mkasi, tukaondoka.

Tulipitia mtaa wa Gerezani. Nilimwomba fundi redio mmoja sumaku ya spika iliyokufa. Akauliza ya nini, nikamweleza, akaiacha ndogo aliyokuwa ameishika akanitafutia kubwa, nzito kama kikombe cha udongo. Alisema hiyo inavuta mpaka mawazo. Mama wa mito akamjibu kwamba ya kwangu yako mbali, aongeze nyingine.

Kwake tulitandika mkeka uani. Nilivisha sumaku mfuko wa nailoni, na hili likumbuke, maana chuma kikinasa unageuza mfuko na kinadondoka chenyewe bila kukigusa. Tulifumua mto wa kwanza, tukatandaza vitambaa vyembamba kama mtu anayeanika dagaa, nikapitisha sumaku polepole huku na huku. Hakuna kitu. Mto wa pili, hakuna. Katika mto wa tatu niliona vipande vya kijani kibichi, kitambaa cha gauni alilolikata dada mwenyewe nikaja kulimalizia mimi. Nilipitisha sumaku juu yake kama nilivyopitisha juu ya vingine. Hakuna kitu.

Mama wa mito alikunja miguu, akanitazama. Ulibaki mto mmoja.

Yule binti alikuwa amerudi. Mlango ulikuwa wazi, na mtoto amelala kifudifudi kwenye jamvi, kichwa juu ya mto wetu. Mama wa mito alianza kwa salamu, kisha akauliza habari za kliniki na kilo za mtoto, na ndipo akasema tumekuja kuutazama ule mto.

"Mama, uliniuzia au uliniazima?" binti akauliza akicheka. "Naona umeufuata mpaka ndani."

Lakini neno sindano liliposemwa alikuwa ameshamnyanyua mtoto. Alimvua nguo zote. Akamkagua shingoni, nyuma ya masikio, kwenye mikunjo ya mapaja, huku akiendelea kusikiliza, na alipomaliza akaanza upya. Mtoto hakuwa na alama. Kisha akanigeukia.

"Na wewe fundi, unashona nguo au unapanda miiba?"

Nikafumua mto kwa mkasi. Nilitoa kitambaa konzi kwa konzi, kila konzi naitandaza kwenye jamvi na kuipitishia sumaku. Konzi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu ilitoka upande aliokuwa amelazia kichwa mtoto, na sumaku ikalia tik.

Haikuwa ncha. Ilikuwa pini. Nzima, iliyonyooka, yenye kichwa cheupe.

Tuliitazama sote watatu. Asubuhi yote tulikuwa tunafuata hesabu ya sindano, na hakuna aliyekumbuka pini. Kama nisingekosa ncha, pini ile ingebaki palepale.

Tulimaliza mto wote, tukaurudia mara ya pili. Ncha haikuwemo. Binti hakuutaka tena. Alisema atamkunjia mwanawe kanga. Akanipa mtoto nimshikilie wakati anakung'uta jamvi nje. Nilimpokea. Alikuwa na uzito wa kitambaa cha suti moja, na joto. Nilisimama naye mpaka mama yake akarudi, nikamkabidhi.

Mlangoni mama wa mito aliniambia kiroba changu ataendelea kukichukua, lakini ile sumaku inabaki kwake. Kila akija, atakimwaga kwanza barazani kwangu na kukipitishia, mimi nikiwa natazama. Nikakubali. Wakati wa dada hakuwahi kufanya hivyo.

Nilifika Kariakoo mchana umeshapinduka. Nilikanyaga vigae vya baraza, na ndala ya kulia ikakwaruza.

Nikasimama. Nikaivua, nikaigeuza. Ncha ya saba ilikuwa imezama kwenye mpira wa kisigino, imelala mshazari, ikichungulia kidogo tu kwa chini. Niliing'oa kwa koleo. Nilipotazama kisigino changu nikaona kidoa cheusi, mchomo wa zamani uliokwisha kufunga. Sikukumbuka kuumia.

Niliiweka kiganjani kando ya kichwa cha saba. Pale ilipovunjika pakakubaliana na pale kilipovunjika. Nikafunua kanga, nikalichukua kopo. Lilikuwa limejaa zaidi ya nusu, na lilitoa sauti nikiligeuza. Nikatumbukiza vichwa saba, ncha saba, na pini. Kisha nikakaa kwenye stuli ya dada, bila kushona, mpaka mwenye duka alipoanza kufunga milango.

Sijui kama ganzi imeisha. Ila kopo nalitumia, na sasa ni la pili. Wewe nawe unaweza kuanza leo, hata kama nyumbani una sindano moja tu ya kushonea vifungo. Si kazi ngumu, na mikono yako itaizoea kabla ya wiki kwisha. Tafuta kopo gumu la bati lenye mfuniko. Toboa mfuniko kijitundu chembamba kinachopitisha wembe lakini hakipitishi kidole cha mtoto. Andika ubavuni kwa herufi kubwa: VITU VYENYE NCHA KALI. Liweke mahali ambapo watoto hawafiki, lakini wewe unafika bila kusimama, kwa sababu kopo la mbali halitumiki. Sindano, pini na ncha tumbukiza kama zilivyo. Wembe ukunje kwanza kwenye boksi. Usivitupe chooni. Usivichome pamoja na takataka, kwani moto hauvimalizi, vinabaki kwenye majivu vikimsubiri anayezoa.

Kopo likikaribia kujaa, usilimwage ili ulitumie tena. Funga mfuniko na kitundu kwa utepe wa gundi, uzungushe mara kadhaa. Usilifiche ndani ya mfuko wa taka, kwa kuwa mzoa taka huishindilia mifuko kwa mikono na magoti. Mpe mkononi, mwambie kilichomo.

Na sindano ikivunjika, simamisha mashine. Toa kichwa, kiweke mezani. Piga magoti, utafute ncha mpaka uione, utazame na chini ya ndala zako. Ukiwa hujaipata, usifagie.