Mfinyanzi Aliyetema Udongo wa Mto

Jua halijavuka paa la banda. Mfinyanzi anamega donge la udongo, analigusisha ncha ya ulimi, anasita, kisha anatema. Anasukutua kwa maji ya kopo na kutema tena.

"Mazoea," anasema akijifuta mdomo. "Mikono imeshaelewa, ulimi bado mbishi."

Ndivyo wanawake wa kazi hii walivyofunzwa na mama zao: udongo wenye mchanga hukwaruza ulimi, ulio mzuri huteleza. Donge la leo limetoka kilimani, halina neno. Lile walilolionja miaka yote lilichimbwa kwenye kona ya mto, chini ya machimbo ya dhahabu.

Banda limepangwa vigoda ukutani. Kimoja tu hakina vumbi.

Mwaka jana wataalamu walichota tope la pale wakaenda nalo maabara. Waliporudi waliwaeleza wanawake wa kikundi cha ufinyanzi kwamba maji hupita, lakini zebaki na risasi kutoka machimboni huzama na kutulia kwenye mashapo, palepale wanapochimba. Chungu kikichomwa, zebaki hutoka na moshi, na wachomaji huuvuta. Risasi hubaki, na huweza kuingia kwenye chakula.

Kikundi kilikaa. Mwenyekiti, ambaye ni dada yake wa tumbo moja, alishauri wanyamaze hadi mzigo uishe sokoni. Mfinyanzi alibeba vyungu vyake akaenda nao sokoni.

Sokoni, kando ya vyungu, walikuwa wakiuza pia vipande vya udongo mkavu ambavyo wajawazito hupenda kutafuna.

"Akaja binti, tumbo limemtangulia. Akatia kipande mdomoni kabla hata ya kuuliza bei," anakumbuka. "Nikamshika mkono. Nikamwambia tema, mwanangu, hiyo ni sumu. Sikunong'ona."

Soko zima lilisikia. Siku ile hakuna aliyenunua hata mfuniko. Wenzake walimbatiza jina la Redio, wakahamisha tanuri, na sasa huuza vyungu vya udongo uleule miji ya mbali, ambako habari hazijafika.

Yeye ni mjane, na binti zake wameolewa mbali. Njiani wenzake humsalimia kwa nyusi. Wimbo waliokuwa wakiuimba kwa kupokezana wakati wa kukanda udongo huuanza mwenyewe, akafika mahali pa kuitikiwa, akanyamaza.

Udongo wa kilimani nao ni mkaidi. Karibu nusu ya vyungu hupasuka katika shimo analochomea nyuma ya nyumba. Siku hizi anasaga vigae vya vyungu hivyo na kuvichanganya na udongo mpya ili usipasuke. Mpango wake ni kupata chungu kimoja kisichovuja, akipeleke kwa dada yake, ili kikundi kizima kihamie kilimani.

Lakini dada mwenyewe anatangulia kufika. Anasimama mlangoni, hakubali kuketi.

"Umekonda, mdogo wangu. Unafanana na mpini wa jembe."

"Mpini haukosi kazi, dada."

Dada anacheka kidogo, kisha anakumbuka kilichomleta. Wenzake wamelainika. Aende sokoni, aseme alikosea na kuwaomba radhi mbele ya wateja, arudi kundini. Dada mwenyewe amechoka kukanda udongo bila mtu wa kumtania.

Mfinyanzi anajifuta udongo mikononi. Anauliza kama bado wanauza vile vipande vya wajawazito.

Dada anatazama nje. "Wanavitaka wenyewe."

"Basi njooni kilimani, nitawaonyesha pa kuchimba. Radhi siombi."

"Hata kwangu mimi, niliyekubeba mgongoni?"

"Nimekukosa kila siku, dada. Lakini hata kwako siombi."